Mwambie Tumefika

Simu ya wifi yangu Damari ilinikuta dukani kwangu Chang'ombe, napanga sabuni kwenye rafu. Hakuzunguka. "Wifi, mzee ametutoka," alisema, na nyuma yake nikasikia vilio vya wanawake. Nilikaa juu ya kreti la soda. Mteja mmoja aliomba chumvi nikampimia sukari, naye kwa huruma akaondoka nayo. Nilidhani Damari amekata, kumbe bado yupo. "Na jambo moja, wifi. Alisema atazikwa ng'ambo ya bwawa, alipolala Mama. Na alisema wewe ndiye utakayempeleka." Nilimwambia mimi ni bibi sasa, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi ya benki, na mashine ya boti sijaishika tangu watoto wangu wakiwa shule. "Mimi nakupa maneno yake," akasema. "Ukitaka kubishana, njoo ubishane naye mwenyewe." Ndivyo alivyo Damari, hata msibani ulimi wake haulali.

Jina la baba mkwe wangu sitaliandika hapa. Msomaji asinione nina majivuno. Kwa desturi ya nyumba ile niliyoolewa, kando ya bwawa la Mtera, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali chombo kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha na kuangalia majani. Na jina lake mkamwana halitamki, hata akikutana na mtu mwingine mwenye jina hilo sokoni, atamwita "yule jamaa". Mimi ni mtoto wa Kolo, mtu wa milimani, na kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini si kwa kiasi kile. Mwezi wangu wa kwanza pale niliishi kama mtu anayetembea kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Nilijifunza kukohoa kabla ya kukata kona. Nilijifunza kuacha ugali wa uwele na mlenda kizingitini na kuondoka kabla hajanyoosha mkono. Nilimjua kwa mgongo wake: mpana, shati la kaki lililopauka mabegani, na nyuma ya shingo mikunjo miwili mikubwa. Ukiniuliza uso wake ulikuwaje, nisingejua nikujibu nini.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza kwa maksai. Mzee alikuwa akiwafunga nira, mmoja akastuka na kumbana kwenye nguzo ya zizi, mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Uliunga vibaya. Baada ya hapo aliweza kushika kijiko, lakini kuvuta kamba ya kuwashia mashine hakuweza, wala kuibana isimtoroke boti inapopigwa na mawimbi. Lingekuwa jambo la kusikitika tu na kuzoea, kama si Mama mkwe. Mama alikuwa ameanza dozi ya kifua kikuu, na hospitali ilikuwa ng'ambo. Barabara ya kuzunguka kupitia ukuta wa bwawa ilikuwa tope hadi kwenye ekseli za malori. Dozi ile ukiikatisha unaanza upya, na Mama alikuwa amebaki mifupa, hakuwa na mwili wa kuanzia upya. Wavuvi wenye boti walikuwepo, watu wema, waliotuletea perege bila kudai kitu. Lakini Mama alipokohoa walitazama upande mwingine, na kila mmoja siku hiyo alikuwa na safari ya kwingine. Mume wangu alikuwa Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, na Damari alikuwa ameolewa mbali. Nyumbani tulikuwa watatu: mzee mwenye mkono mmoja, mgonjwa, na mimi ambaye maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni.

Nyumba ilikuwa tembe, ndefu, ya udongo, paa bapa, na chumba changu kilitenganishwa na chao kwa ukuta usiofika juu. Jioni moja, kabla taa haijawashwa, nikiwa nachambua mchicha niliwasikia. Mzee alisema atauza boti. Mama akasema, "Uza. Na mimi unichimbie kabisa." Nikasikia kuku anaparura. Kisha Mama akanitaja mimi: "Mariamu ana mikono miwili." Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa upuuzi. "Nitamfundishaje? Nikae naye goti kwa goti? Nimshike mkono?" Mama alikohoa kwa muda mrefu, akapumzika, akajibu, "Mimi nitakaa katikati."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee alikaa mbele kabisa, uso kwenye maji, mgongo kwetu. Mimi nilikaa nyuma kwenye mashine. Mama alikaa kwenye ubao wa kati na chupa yake ya chai, kanga mdomoni. Kabla ya yote tulivaa majaketi ya kuokolea, ya rangi ya machungwa iliyofifia. Mzee hakuwa na mchezo na hilo, hata kuku angepanda boti ile angevalishwa. Kisha mzee alisema na maji: "Mwambie akaze skrubu za mashine." Mama ananigeukia: "Anasema ukaze skrubu." Nami nimesikia tangu mwanzo, maana ni hatua chache tu, lakini nilisubiri hadi Mama amalize. "Mwambie aangalie mafuta. Mwambie kopo la kuchotea maji liko wapi. Mwambie kasia. Mwambie ile kamba nyekundu aifunge mkononi, akianguka mashine izime, isimzunguke kama mbwa mwenye kichaa." Mimi najibu, "Mama, mwambie Baba nimefunga." Na Mama, maskini, pumzi hana, anapeleka. Siku za mwanzo tuliteseka. Mashine ikishaunguruma maneno yalifika yamechelewa: mzee anasema nipunguze mafuta, Mama anakohoa kwanza, na wakati ananiambia "punguza" pua ya boti iko ndani ya matete na ndege wote wameruka. Ikabidi mzee abuni ishara. Mkono wake mzima, wa kushoto, ukiinuka kiganja chini, ni taratibu. Ngumi ni kutoa gia. Kidole upande huu au ule ni visiki.

Visiki ndivyo vilivyokuwa adui wetu. Mtera ilimeza msitu ilipojengwa, na ile miti haikuondoka, ilikufa imesimama. Mvua zikiwa nyingi maji yanaifunika, boti inapita juu ya matawi usiyoyaona. Kiangazi maji yanapungua na miti inachomoza tena, myeupe, na ndege weusi wamekaa juu yake wakikausha mabawa. Nilijifunza kusoma ngozi ya maji: palipokunjamana bila upepo kuna kitu chini. Nilijifunza kuvuka asubuhi, maana upepo wa mchana pale hauna adabu. Nilijifunza kugonga ubavu wa boti kwa kasia tukikaribia matete, viboko wasikie wajue kuna wageni. Na nilijifunza lile lililonisumbua kuliko yote: ukitaka kwenda kulia, mkono wa mashine unausukuma kushoto. "Mwambie," mzee alisema siku niliyotupeleka mara tatu kwenye tope lile lile, "boti haigeuki kwa pua. Inageuka kwa mkia. Ni kama punda anayeongozwa kwa mkia. Auangalie mkia." Mama alicheka hadi akashika ubavu. Kutua pwani mzee alitaka nizime mapema, boti ije yenyewe, na Mama akiwa ameshika kikombe chake cha chai. Nikigonga, chai inamwagikia kanga yake, mzee anashuka bila neno na kwenda zake. Nikitua vizuri anakaa kidogo bado, mgongo kwetu, anasema: "Mwambie tumefika." Hiyo ndiyo sifa yote niliyowahi kupewa, na nakiri niliitamani kuliko nyama.

Sasa nikikaa dukani nasikia vijana wakisema kwamba mila zile zilikuwa mateso kwa mwanamke. Ziko zilizokuwa mateso, sibishi. Lakini mgongo ule uliokaa mbele yangu, ukiwa umeniachia mashine, visiki, na mke aliyempenda, ulikuwa unaniamini kuliko nyuso nyingi nilizowahi kutazamana nazo. Mwanamume asiyemwamini dereva hageuzi shingo mbali.

Somo la mtu aliyeanguka majini alilifundisha kwa dumu la njano. Alilijaza maji nusu, akalitupa upande wa kulia tukiwa mwendo, bila kuonya. "Mtu!" alipiga kelele. Mimi nikafanya kile ambacho moyo unakutuma: nikalikwepa. Nikaigeuzia pua kushoto, mbali na dumu, nisiligonge. Mkia wa boti ukaja kulia, na nikasikia pangaboi la mashine likilitafuna dumu, sauti mbaya, kisha vipande vya njano vikaelea nyuma yetu. Mzee alikunja ngumi. Nikatoa gia. Alilivuta dumu kwa kasia, limechanika kutoka shingoni hadi kitako, akampa Mama bila kugeuka. Mama akanipa mimi. "Mwambie," mzee alisema taratibu, "huyo ndiye mtu. Alimkwepa, akamuua. Mtu akianguka unamgeuzia pua, upande ule ule alikoangukia, mkia uende mbali naye. Halafu unatoa gia. Asimkwepe mtu. Amwelekee." Lile dumu alilining'iniza kwenye mti wa mlango wangu. Kila asubuhi nikitoka kwenda kuwasha moto lilinigusa kichwani. Nililichukia kwa dhati. Miguu yangu ilikuwa imefunzwa mwaka mzima kukwepa, uani, jikoni, njiani, na mkono wangu kwenye mashine ulikuwa umefuata miguu. Tulirudia somo lile kwa madumu mengine hadi Mama akalalamika kwamba nyumba haina tena cha kutekea maji. Na ukutani jioni nilisikia mzee akisema, "Mtoto wa Kolo ana mkono mzuri. Ila anaogopa maji." Mama akamjibu, "Maji hayaogopi. Anakuogopa wewe."

Kiangazi kilipokolea, madaktari wakamlaza Mama. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, wakasema abaki. Nilimwacha kitandani, chumba cha wanawake chenye harufu ya dettol na uji, na alinishika kidole akasema, "Mrudishe mzee wangu." Nikatoka. Boti ilikuwa ya watu wawili sasa, na hapakuwa na mtu wa katikati. Mzee alisimama kando ya maji kwa muda, akitazama ubao wa Mama. Kisha akaenda kwenye duka la pale pwani akarudi na mfuko wa unga wa sembe begani, akauweka kwenye ubao ule, barabara, kama anavyokalishwa mgonjwa. Akaketi mbele, akatazama maji. "Unga," akasema, "mwambie akaze skrubu." Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikasema, "Unga, mwambie Baba nimekaza."

Madaktari walikuwa wametuchelewesha, upepo ulikuwa umeshaamka. Tulifika katikati, kwenye ile miti myeupe, nami naenda taratibu, macho kwenye mkono wake wa kushoto. Upepo ukaning'oa kanga kichwani. Iliruka, ikapita juu ya unga, ikamwangukia mzee begani. Akaijua ni yangu, na akajua mkamwana wake yuko kichwa wazi nyuma yake. Mtu mwingine angegeuka anitupie. Yeye hakuweza kugeuka. Yule mzee aliyetufokea wote tusithubutu kusimama kwenye boti inayokwenda, alisimama. Alianza kurudi kinyumenyume, mgongo kwangu, kanga mkononi, akitafuta mfuko wa unga kwa kisigino ili aiweke pale na mimi niichukue. Adabu ndiyo iliyomwinua. Wimbi lilitupiga ubavuni na akaangukia majini upande wa kulia, na mkono ule mbovu haukupata cha kushika.

Mkono wangu ulianza kukwepa. Nasema kweli, niliuhisi ukianza. Kisha nikasikia lile dumu likitafunwa, nikausukuma mkono wa mashine kushoto kwa nguvu zangu zote, pua ikamgeukia, mkia ukampita mbali, nikatoa gia. Nikazunguka nikimjia dhidi ya upepo, nikazima kabisa. Jaketi lilikuwa limemshika, kichwa kiko juu, lakini alikuwa akipiga maji kwa mkono mmoja na kwenda mbali na boti. Hata majini alinigeuzia mgongo! Bwawa lile lina mamba, na kila mtu wa pale ana jina la jirani aliyechukuliwa. "Baba!" niliita. "Baba, geuka!" Hakugeuka. Sijui ni maji masikioni, sijui ni haya. Nikaliita jina lake. Nililiita kwa sauti kubwa, lote, kama anavyoita mama yake mzazi, na miti ile ikanirudishia.

Akageuka. Ndipo nilipomwona. Alikuwa na kovu kidevuni, na macho ya mume wangu, yale yale, yamejaa hofu. Nilimpa kasia akalishika, nikamvuta hadi nyuma, maana ubavuni tungepinduka wote, nikamwambia akanyage kile kibati cha mashine juu ya pangaboi. Kisha nikamwingiza mikono kwapani na kumkumbatia kifuani na kumvuta, shavu lake kwenye shingo yangu, hadi tukaangukia wote ndani ya boti juu ya maji na unga uliopasuka. Alikuwa mzito na alikuwa akitetemeka, na mimi nilikuwa nikilia kama mtoto.

Alipoweza kukaa alijikokota hadi mbele, akatazama maji. Kanga ilikuwa bado mkononi mwake. Niliwasha, nikatupeleka, nikazima mapema, boti ikaja yenyewe kwenye mchanga. Alikaa. Nilingoja ashuke aende zake, na safari hii nilijua maana yake ingekuwa kunirudisha Kolo, maana nilikuwa nimemshika na kumtaja, na watu hufukuzwa kwa madogo kuliko hayo. Aliugeuzia kichwa kidogo ule mfuko uliopasuka. "Mwambie," alisema, "mwambie tumefika."

Asubuhi nilikuta kanga yangu kizingitini, imefuliwa na kukunjwa. Lile dumu lilikuwa limeondolewa mlangoni. Hakuna aliyeniitia kikao wala aliyenirudisha kwetu. Mama aliporuhusiwa nilimvusha mwenyewe, na jioni ile, ukuta wetu mfupi ukiwa kati, nilimsikia mzee akimweleza. Alisema kuhusu upepo, na kanga. Kisha akasema, "Aliniita jina." Mama akauliza, "Ukafanyaje?" Mzee akajibu, "Niligeuka."

Mama alimaliza dozi. Aliishi akawalea watoto wangu watatu wa kwanza, na alipokufa alizikwa ng'ambo, kwenye ardhi ya ukoo wao iliyoinuka, maji hayafiki. Sisi tulihamia mjini. Kila niliporudi kusalimia nilikohoa kabla ya kona, na mzee alitazama majani, na hatukuzungumza kamwe kuhusu siku ile.

Baada ya simu ile ya Damari nilifika Mtera asubuhi, kwaya ikiimba na jeneza likiwa tayari pwani, lenye kioo kidogo juu ya uso kama wanavyotengeneza siku hizi. Vijana walilipakia kichwa kikiwa mbele. Boti ikainamisha pua, nikawaambia hapana, haitakwenda hivyo, mgeuzeni. Walipomgeuza boti ilikaa sawa, lakini sasa uso wake ulikuwa magotini pangu, na kile kioo kinanitazama. Wanawake wakanong'ona. Damari hakunong'ona, alivua kanga yake begani akanirushia, nami nikaitandika juu ya kioo na kuipachika kingo zisipeperuke. Nilikaza skrubu. Niliangalia mafuta, kopo, kasia. Nilimpa mchungaji jaketi, akalifunga vibaya nikamfunga upya. Kamba nyekundu nikaifunga mkononi.

Tulivuka taratibu. Miti ile bado imesimama, imepungua kidogo, na mahali pale napajua hadi leo. Mbele palikuwa na mgongo wa Damari na migongo ya wanakwaya, na hakuna mkono ulioinuka kunionyesha kisiki, nikavisoma mwenyewe. Ng'ambo nilizima mapema. Boti ikaenda yenyewe, ikagusa mchanga, na hata kitabu cha nyimbo kilichokuwa juu ya jeneza hakikusogea. Watu hawakuinuka mara moja. Nadhani walikuwa wakingoja mtu aseme kitu, na mimi nilikuwa nikingoja pia, kwa mazoea, huku nikitazama ule ubao wa kati. Kisha nikainama hadi kanga ikanigusa mdomo, nikasema mwenyewe, bila kumtuma mtu:

"Baba, tumefika."